Saruji Juu ya Chokaa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Fundi wangu pale Mwanza alinituma misumari dukani, nami nikalipita duka nikaendelea kutembea. Sikuwa na ugomvi na mtu wala safari. Niliona tu barabara imenyooka na jua halijawa kali, miguu ikafuata. Ndivyo nilivyokuwa ujanani, na usinicheke, maana nakujua na wewe ulivyo.

Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alijibu maswali ambayo sikumuuliza, na yale niliyomuuliza aliyajibu kwa fimbo. Tangu hapo nikawa wa kuzurura. Kila nilipokwenda nilitaka kujua: hiki kimetengenezwaje, kile kinasimamaje, nani alikuwa wa kwanza kulifikiria jambo hili. Udadisi si dhambi, ni zawadi. Lakini hata panga ni zawadi, na usimpe mtu asiyejua upande wa kushika.

Miezi miwili nilikuwa saidia fundi, maana yake nabeba maji, nachanganya zege, napokezana ndoo. Miezi miwili tu, uikumbuke hesabu hiyo. Nikaivuka Ilemela, nikafuata ufukwe huku ziwa likiwa mkono wa kushoto, nikila samaki wa kuomba, mpaka siku ya pili mchana nikaingia mji mdogo wa ziwani. Jina lake silitaji. Watu nitakaowasema wana wajukuu, na wajukuu wana masikio.

Katikati ya mji ule palikuwa na jumba. Wenyewe waliliita Jumba la Liwali, kwa sababu zamani sana aliishi humo liwali, mtawala wa Kiislamu aliyeushika ufukwe ule kabla babu yangu hajazaliwa. Kwa nje lilikuwa kuta nene za mawe, zimefifia, bila madirisha ya maana. Ila mlango. Mwanangu, sijawahi kuuona mlango wa namna ile. Mbao nene kama paja la ng'ombe, zimechongwa maua, kamba na mawimbi kutoka juu hadi chini, na vifundo vya shaba vimepangwa safu safu. Nilisimama mbele yake, sijui muda gani, nikifuata ua moja kwa macho kuona linaishia wapi.

Mwanamke mzima alikuwa anafagia kizingiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Naangalia mlango."

"Nimekuona. Umeuangalia tangu adhuhuri, utauchakaza." Akaegemeza ufagio. "Ingia basi uuangalie na upande wa pili. Na hivyo viatu uvivue, usiniletee ziwa lote ndani."

Huyo ndiye Bi Zuhura, mjane wa kitukuu wa liwali. Alikuwa anaishi peke yake katika jumba la vyumba kumi na vinne.

Nikapita ukumbi mfupi wa giza, nikatokea kwenye mwanga, nikasahau kupumua.

"Hili ndilo behewa," akasema.

"La treni?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi mtoto wa Misungwi nilikuwa najua behewa moja tu, lile la reli. Akanieleza kwamba watu wa pwani huuita hivyo ua ulio ndani ya nyumba, uliozungukwa na vyumba pande zote, wazi juu.

Nje jua lilikuwa linachoma mpaka mbuzi wamejibana kwenye vivuli. Mle ndani kulikuwa na ubaridi kama wa mtungini. Upepo wa ziwa uliingia kwa ule ukumbi wa giza, ukazunguka chini ya matao, kisha ukapanda na kutokea juu penye mbingu ya mraba. Hakuna aliyeusukuma. Aliyejenga alijua upepo wa mahali pale unavyotaka kupita, akauachia njia. Nguzo zilikuwa kumi na mbili, na matao juu yake hayakufanana: upande mmoja yalichongoka kidogo, upande wa pili yalikuwa mviringo, kana kwamba mafundi wawili walibishana na kila mmoja akashinda kwake. Pembeni palikuwa na birika la kutawadhia, ngazi yake ya jiwe imelika katikati kwa nyayo za watu. Sakafu ilikuwa ya chokaa, inang'aa kama ganda la yai. Bi Zuhura akasema wanawake waliipiga sakafu ile kwa vijiti bapa siku nyingi mfululizo, wakiimba, mpaka ikakubali kung'aa.

Na ukuta wa mashariki, mwanangu. Huo ndio ulionitia wazimu. Ulikuwa na safu tatu za vidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, kila kimoja kina tao lake dogo na nakshi zilizochongwa kwenye chokaa ilipokuwa bado mbichi. Majani, nyota, kamba zilizosukwa. Niliyapitisha macho yangu kidaka hadi kidaka nikitafuta viwili vinavyofanana. Sikuviona.

"Nani alibeba yote haya mpaka huku?" nikamuuliza.

"Mawe ni ya hapa hapa. Boriti zilitoka mbali, juu ya vichwa vya watu. Wapo waliolipwa, wapo ambao hawakulipwa, na wapo ambao hawakurudi kwao. Babu yake mama yangu alikuwa Msukuma kama wewe. Aliukanyaga udongo wa kuta hizi kwa miguu yake." Akanitazama. "Watu hapa wanasema ni nyumba ya Waarabu. Mimi nasema, Mwarabu gani alikanyaga udongo?"

Akanipa chumba cha karibu na mlango ili nimchotee maji. Nikakaa.

Sasa sikiliza palipokuwa na tatizo. Ule ukuta wa vidaka ulikuwa unaumwa. Chini karibu na sakafu chokaa ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, ikimwaga vumbi, na palikuwa na ufa mmoja wa kupitisha kidole. Marehemu mumewe alikuwa na watoto wa kiume kwa mke mwingine, na mkubwa wao, Seif, alitaka jumba libomolewe ajenge fremu za maduka. Alikuwa amemwambia Bi Zuhura bila kupepesa macho: "Sikukuu ya Idi tutakuja sote tule kwako. Tukikuta ukuta bado unatumwagia vumbi kwenye sahani, mama, nyumba ni mbovu, na nyumba mbovu haikaliwi na mtu mzima peke yake." Nyumba ilikuwa ya urithi wao wote. Kama ingebomolewa, Bi Zuhura hakuwa na pa kwenda.

Alikwisha kumwita fundi, Mzee Magesa, Mjita mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko kichwa chake. Alikuwa wa mwisho kwenye ufukwe ule kujua kazi ya chokaa. Alifika nami nikiwepo. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea, akagonga tena, kama mganga na kifua cha mgonjwa.

"Unatibika," akasema. "Lakini chokaa nitaichoma upya, niizime kwa maji, kisha ilale shimoni miezi mitatu. Chokaa isiyolala inakuja kupasuka ukutani."

"Idi ni baada ya wiki tano, kaka," Bi Zuhura akamwambia.

"Idi inajua kalenda. Chokaa haijui."

Hapo ndipo nikafungua mdomo wangu. Laiti mama yangu angenizaa bubu.

"Bibi," nikasema, "Mwanza siku hizi hakuna anayelaza chokaa. Saruji mifuko minne, mchanga wa ziwa huu hapa, siku tatu ukuta umekuwa laini kama kioo. Kazi hiyo naijua, mimi ni fundi."

Mimi ni fundi. Miezi miwili ya kubeba ndoo.

Mzee Magesa aligeuka taratibu. "Kijana, ukuta huu ni mawe na udongo. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake kila msimu, kisha yanatokea kwenye chokaa, yanakwenda zake. Unapumua. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi."

"Mzee," nikamjibu, "ukuta una pua?"

Majirani wawili waliokuwa wamekaa kizingitini walicheka. Mwanangu, kicheko cha watu ni pombe ya bure, na mimi nilikunywa yote. Nikaongeza: "Labda wa zamani ulikuwa na pua. Tutaupaka, tuuvishe na barakoa."

Mzee Magesa alinipa mgongo. Alimgeukia Bi Zuhura. "Dada, ukuta ni wako, mimi nimesema." Akachukua kofia yake akaenda.

Nataka uelewe kwamba nilikuwa nalipenda jumba lile. Mtu asikudanganye kwamba wanaoharibu ni wale wasiopenda tu. Mimi nilikuwa nalala chali katikati ya behewa nikitazama mbingu ya mraba, na mtu angekuja kuvunja nguzo moja ningempiga. Ndiyo maana hasira hii haiishi. Adui angefukuzwa mlangoni. Mimi nilikaribishwa nikavua viatu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni wa namna nyingine.

Bi Zuhura alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akauza cherehani yake akanunua saruji. Nilikwangua chokaa ya zamani iliyokuwa inabanduka, na pale isipobanduka nikaisaidia kwa tindo, kwa sababu saruji ilikuwa haishiki vizuri juu yake. Safu ya chini ya vidaka, ile iliyokuwa na nyota, niliiziba kabisa ili ukuta unyooke. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua kumi nikautazama. Ulikuwa wa kijivu, sawasawa, mkavu, kama ukuta wa ghala. Nikajisifu kwa sauti. Bi Zuhura alikuja akasimama kando yangu. Alipeleka mkono pale zilipokuwa nyota, akapapasa.

"Ni imara?" akauliza.

"Bibi, huu tutauacha hapa sisi."

Idi ikafika. Seif na ndugu zake walikula pilau ndani ya behewa, wakagonga ukuta, hakukudondoka hata chembe. Seif alinipa mkono. "Hongera, fundi," akasema, ingawa macho yake hayakufurahi. Bi Zuhura siku hiyo alivaa kanga mpya, akatembea katika nyumba yake kama mtu aliyeshinda kesi. Nami niliila sifa hiyo kama minofu, na mifupa sikuiona.

Masika yakaja. Wiki ya kwanza ukuta ulikuwa sawa. Wiki ya pili niliona sakafu ya karibu na ukuta ina unyevu, nikadhani ni birika. Wiki ya tatu ukuta ukaanza kutoa tumbo. Kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Niliona, mwanangu. Hili ndilo nisilojisamehe. Niliona, nikajua Mzee Magesa yupo, nyumba yake ni mwendo wa kuchemsha chai, na sikwenda kumwita. Niliona aibu ya kumwambia kwamba ukuta una pua.

Siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, Bi Zuhura akiwa bado kwenye msala wake upande wa pili wa ua, ukuta wa mashariki ulianguka wote. Haukutoa mlio mkubwa. Ulikaa chini kama ng'ombe anayelala, mawe yakateleza juu ya udongo uliokuwa uji, na matao matatu ya upande ule yakaufuata. Hakuna aliyeumia. Watu walinipa pole wakasema nishukuru hakuna aliyeumia. Nilitamani jiwe moja lingenipata.

Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba ufa, na ukuta ukaanguka. Methali haijui ni nani aliyeshika mwiko.

Mzee Magesa alifika kabla vumbi halijatulia. Alitembea juu ya kifusi, akainama, akaokota pande la saruji yangu lililokuwa limebaki zima. Akanipa.

"Shika. Upande wa mbele ukoje?"

"Mkavu."

"Geuza."

Nyuma yake kulikuwa na udongo umelowa, unachuruzika kwenye vidole vyangu. Katikati ya ule udongo palikuwa na kipande cha nakshi ya zamani, nusu nyota, kimeng'oka pamoja na saruji.

"Miaka yote hiyo ukuta ulikuwa unatoa jasho lake taratibu," akasema, "wewe ukamfunga mtu blanketi la mpira, ukashangaa amekufa. Na usiniambie ulitaka kumsaidia dada yangu. Ungetaka kumsaidia ungeniuliza swali moja. Wewe ni mtu wa maswali, nimesikia, unauliza mpaka samaki wamezaliwaje. Mimi hukuniuliza. Ulikuwa na haraka ya kusifiwa, na amelipa yeye." Akatema mate pembeni. "Kijana, mimi nina miaka sabini, na bado nikifika kwenye ukuta wa mtu naugonga kwanza. Wewe umekuja juzi na mdomo."

Nilitaka kulia mbele yake, akanikataza. "Machozi yako hayana kazi hapa. Beba mawe."

Nikabeba mawe siku nne. Siku ya tano Seif alikuja na watu wa kukagua. Hawakukaa hata robo saa. Jumba lilikuwa limejihukumu lenyewe. Vyumba vilivyobaki wakasema ni hatari, nguzo wakasema ni hatari, mlango wakaung'oa wakaondoka nao, sijui ulikwenda kwa nani. Bi Zuhura alikaa kwenye ngazi ya birika akiangalia, kanga ameivuta mpaka mdomoni. Mzee Magesa alimwomba Seif wampe angalau msimu mmoja, ajenge upya ule upande. Seif akamwambia, "Mzee wangu, nani ataishi humo? Hata fundi wa Mwanza ameshindwa." Fundi wa Mwanza alikuwa mimi.

Seif alimpangia Bi Zuhura chumba kimoja Buhongwa, nje kidogo ya Mwanza. Siku hizi Buhongwa ni mji, enzi zile ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba za mabati zilizochomoza huku na huku. Nilipakia kitanda chake, sanduku lake na sufuria zake nyuma ya gari dogo la mizigo, nikakaa juu ya mizigo njia nzima. Yeye alikaa mbele na dereva, hakugeuka nyuma.

Chumba kilikuwa cha tatu katika safu ya vyumba sita vinavyofanana. Dirisha moja linatazama ukuta wa choo. Mabati yalikuwa chini mno hata joto likakaa juu ya vichwa vyetu kama mzigo. Mwenye nyumba, mama mmoja Mkristo mwenye moyo mzuri, alitupokea, akamwonyesha bomba la wote na mahali pa kuanika nguo, akamwambia ajisikie yuko kwao. Nikaingiza kitanda, nikaingiza sanduku. Kisha nikapiga magoti pale mlangoni.

"Bibi," nikaanza.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba na msala wake umekunjwa kwapani, anageuka taratibu, anatazama kuta nne ambazo hazina tofauti.

"Usiniombe msamaha leo, Mabula," akasema, na sauti yake ilikuwa na ukali ambao sikuwahi kuusikia. "Leo natafuta kibla."

Mimi niliyezurura nchi nzima sikuweza kumwonyesha. Nilikuwa sijawahi kutazama. Nikatoka, nikauliza mlango kwa mlango, watu wakatikisa vichwa, mpaka nikampata muuza mkaa mmoja Mwislamu. Alinyoosha mkono. Nikarudi, nami nikanyoosha mkono. Bi Zuhura akatandika msala bila kunishukuru, nami nikafunga mlango kwa nje.

Mwanangu, nakugombeza kwa hasira kwa sababu wewe unafanana na mimi. Nakuona unavyotembea kwenye majumba ya watu na simu yako, unasifia matao, unasifia milango, kisha unaegemea nguzo na kuchora jina lako kwa msumari kama tunavyoandika kwenye mawe ya Mwanza. Nakusikia unasema hii ni nyumba ya Waarabu, ile ya Wajerumani, ikianguka na ianguke. Muulize kwanza aliyekanyaga udongo alikuwa nani. Na nakusikia ukiwaambia wazee wetu, bibi hiki ni cha kizamani, ngoja nikuwekee cha kisasa, siku tatu tu. Ukitaka kusifia kitu, kaa nacho kwanza mvua zipite juu yenu wote wawili. Ukitaka kukitengeneza, mtafute aliyezeeka nacho umuulize, hata kama jibu lake ni miezi mitatu na watu wamekaa mlangoni wanacheka. Na siku ukikosea, maana utakosea, nenda kaseme siku hiyo hiyo, ukuta ukiwa bado una tumbo, kabla haujakaa chini. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wanakudanganya kidogo. Mimi sikulisikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Basi nenda, umesimama sana. Mungu akupe miguu ya kufika mbali na ulimi mzito wa kutoa ahadi. Akupe mzee mkali atakayekugombeza mapema, nawe umsikilize. Na kila nyumba itakayokufungulia mlango, Mungu aikute imesimama siku utakayoiaga.